Mahindi Yaliyopandwa Kwenye Vumbi

Watu wote ninaowafahamu wanaipenda harufu ya mvua ya kwanza. Wakiisikia wanatoka nje, wananyanyua pua, wanasema vuli hiyo imeingia, na wengine wanayapiga picha mawingu na kutumiana kwenye simu. Mimi inanipandisha hasira. Vumbi likilowa tu, bati la moto likianza kutoa ule mvuke wenye harufu ya kutu na majani makavu, taya zinanibana, na mume wangu, ambaye ameshanizoea, huwatoa watoto sebuleni na kuwaambia mama yenu mwacheni kwanza. Nimejaribu kuiondoa hasira hii. Nimeambiwa nisali, nimesali. Nimeambiwa nisamehe, nikauliza nimsamehe nani, maana sijaona aliyekuja kuomba radhi. Basi nimeamua niieleze jinsi ilivyo, mwanzo mpaka mwisho, labda nitapumua.

Kwetu ni Kongowe, upande wa Temeke. Siku hizi ukitaja Kongowe watu wanafikiria stendi na maduka, lakini nilipokuwa mtoto ukishavuka bonde la Mzinga ulikuwa umeingia shamba. Baba alitoka Lindi akiwa kijana, akawa fundi seremala Mbagala, anatengeneza vitanda na makabati, na nguvu zake zote alizielekeza kwenye lile eneo: nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, uwanja uliofagiliwa kila asubuhi, mikorosho michache pembeni, na nyuma ya nyumba shamba lililoteremka taratibu mpaka mahali ambapo mchanga mweupe unageuka udongo mweusi. Halikuwa shamba kubwa. Lakini lilitulisha mahindi, kunde na maboga, na Mama alilijua kila pembe, kwa sababu Baba alishinda na randa na misumari, na aliyeshinda na jembe ni Mama. Naomba hilo likumbukwe kabla sijaendelea.

Kuanzia mwezi wa tisa sisi watoto tulikuwa tunaitafuta vuli. Nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika ukizikanyaga, na kisima cha jirani kilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kwanza walianza nyenje, wanalia mchana kutwa juu ya mikorosho mpaka masikio yanaziba. Halafu mabibo yakaanza kuiva na uwanja wote ukanuka ule utamu wake mkali unaokaribia pombe. Halafu sisimizi wakaonekana wanapanda ukutani, kila mmoja na yai lake mdomoni, na Mama akiwaona aliacha anachokifanya, akatoa ndoo, masufuria na lile beseni kubwa la kuogea, akavipanga chini ya michirizi ya bati. Dada yangu Zainabu, ambaye amenizidi miaka minne, alikuwa na tabia ya kwenda barabarani kila saa kutazama upande wa Mbagala, kwa sababu mawingu ya kweli yalitokea huko. Akirudi anakimbia, tulijua.

Matone ya kwanza yakigonga bati, Baba alikuwa wa kwanza kutoka nje, amevua shati, anacheka peke yake. Tulisimama wote chini ya mchirizi, maji yanatutwanga kichwani, yanatuondolea jasho na vumbi la miezi yote ile. Maji ya mwanzo Mama aliyamwaga, alisema yana kinyesi cha mijusi, akangoja bati lioshwe. Kesho yake asubuhi kumbikumbi walikuwa wamejaa uwanjani, tukawaokota, Mama akawakaanga na chumvi kidogo bila mafuta. Baada ya hapo ndipo tulipokwenda shambani. Baba alichimba shimo la kwanza kule juu, karibu na nyumba, akamwita mtoto mdogo kuliko wote aje atumbukize mbegu. Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Nilidondosha punje zangu, nikafukia kwa mguu, na Baba akatangaza kwa sauti ili majirani wasikie, "Haya, mwenye shamba ameshapanda!" Nilikuwa naamini. Nilitembea wiki nzima nikijiona mwenye shamba.

Sasa hapo pana jambo ambalo lazima mgeni alielewe. Majirani zetu wengi walikuwa watu wa Kusini kama sisi, na pale hakuna aliyekuwa na hati. Shamba lilijulikana kwa mpandaji. Anayepanda mvua ya kwanza ndiye mwenye shamba mwaka huo, na akipanda tena mwakani bila mtu kusema neno, basi limekuwa lake. Na mmea ukishachomoza haung'olewi. Mtu akikosea mpaka wa shamba akapanda kwako, unanyamaza, unangoja avune, halafu ndiyo mnakaa kitako kuzungumza. Kung'oa mche wa mwenzako ulikuwa mwiko ambao hata walevi waliuheshimu. Wazee waliusema msibani na harusini, akina mama waliusema kisimani, na mimi mtoto nilikua nikiamini kwamba mtu anayeng'oa mahindi mabichi ya mtu mwingine anaanguka palepale.

Baba alifariki katikati ya kipupwe. Alianza na kifua, akasema ni vumbi la mbao tu, na alipokubali kwenda hospitali hakurudi akiwa hai. Tulimzika Kongowe. Watu walikaa tanga, wakala, wakaondoka, na Mama akaingia eda. Alivaa shuka nyeupe, akahamia chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama shamba, na akaambiwa kwamba kwa miezi minne na siku kumi hatavuka kizingiti. Mdogo wake Baba, baba mdogo Shaibu, aliyekuwa anakaa Mbagala, akamleta mkewe akae na Mama kumfariji. Huyo alikuwa mama mdogo Hadija, mwanamke mdogo mdogo, mweupe, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipika, alifua, alituchana nywele. Na kila Mama alipokaribia mlango wa nje, hata kumwaga maji tu, Hadija alikuwa ameshafika. "Dada, eda," anasema, na kuichukua ile ndoo. Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wanaojua dini, wakaniambia kwamba mjane mwenye shida ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana akarudi. Wakati ule hakuna aliyetuambia hivyo. Eda ni ya Mungu, sina neno nayo. Aliyesimama mlangoni alikuwa ni Hadija, na aliyemsimamisha pale ni mumewe.

Mwezi wa tisa ukaingia bila Baba. Nyenje walilia vilevile, mabibo yakaanza kuiva vilevile, na mimi nilikasirika, nakumbuka, kwamba vitu vinaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa. Ndipo baba mdogo alipokuja na vijana wawili wenye majembe. Wakaingia shambani, wakafyeka, wakalima, wakaacha ardhi tupu, nzuri, iliyolainika. Baba mdogo akaja chini ya dirisha la Mama, maana hakuruhusiwa kuonana naye, wakazungumza pazia likiwa katikati. Sisi tulikuwa tumekaa mkekani ndani, tunasikia kila neno.

"Shemeji, shamba nimeshalisafisha," alisema. "We tulia na eda yako, usiwe na wasiwasi. Mvua ikipiga tu, nakuja kupanda mie mwenyewe."

"Nashukuru, shemeji," Mama akajibu. "Ila mbegu ninazo. Watoto watapanda kama tunavyopandaga siku zote."

"Watoto gani, shemeji? Hawa wa kike? Kupanda si mchezo. Acha mie nitafanya, kaka yangu alale vizuri huko aliko."

Alipoondoka, Zainabu alisema kwa moyo mweupe kabisa, "Mama, si anatusaidia?" Mama alikuwa anatazama ile ardhi iliyolimwa. Kisha akasema taratibu, ili Hadija asisikie kule jikoni, "Akipanda yeye, mwanangu, hatutang'oa. Na mwakani atapanda tena. Hapo tutakuwa tunamwomba ruhusa ya kuchuma kunde." Ndipo Zainabu akaanza kulia, na mimi, ambaye nilikuwa ndiye mwenye shamba, nikajisikia mikono inawasha kwa hasira. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkasirikia mtu mzima namna ile. Sikujua kwamba itakaa.

Mama aliamua tupande kabla ya mvua. Watu walikuwa wanafanya hivyo, lakini kwa woga, kwa sababu mbegu ikikaa kwenye vumbi inaliwa na mchwa na kunguru, na hatari kubwa zaidi ni mvua ya rasharasha. Ikinyesha kidogo, ikalowesha juu tu, mbegu inadanganyika, inavimba, inataka kuota, halafu jua linairudia na inaozea humohumo. Na mbegu yetu ilikuwa ni ile tu iliyoning'inia jikoni juu ya moshi, mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, ambayo Baba na Mama waliyachagua wenyewe mavuno yaliyopita. Ikiharibika hiyo, tulikuwa hatuna nyingine, na baba mdogo angepanda yake mchana kweupe huku akitupa pole. Mama alijua hayo yote. Alituketisha mkekani, akaushika mkono wa Zainabu, akaweka kidole kwenye kifundo. "Shimo lifike hapa," alisema. "Si pale tulipozoea. Hapa. Rasharasha haifiki huku chini. Mkishafukia, shindilieni kwa kisigino, halafu mburute tawi la mkorosho juu yake."

Tulipanda mchana, baada ya chakula, saa ambayo Hadija alikuwa analala na jua limesimama juu ya kichwa. Mchanga ulituunguza nyayo. Zainabu alichimba, mimi nilidondosha punje, nikafukia, nikashindilia, kisha nikaburuta tawi mpaka ardhi ikawa haina alama hata moja. Mama alisimama dirishani muda wote. Alikuwa anaonyesha kwa mkono tu, sogea kushoto, hapo umekaribisha mno, hapo sawa. Shimo la kwanza Zainabu alilichimba palepale alipokuwa anachimba Baba, akanitazama. Nilidondosha punje zangu. Hakuna aliyetangaza. Tulifanya hivyo mchana wa pili pia mpaka tukafika kwenye udongo mweusi. Hadija alipoamka aliona miguu yetu ina vumbi mpaka magotini, akauliza tulikuwa wapi. Zainabu akasema tulikuwa tunaokota mabibo.

Kilichofuata ni kungoja, na sijawahi kungoja kitu vile tena, hata matokeo ya mtihani. Jioni moja rasharasha ikaja kweli. Ile harufu ikapanda, majirani wakashangilia, watoto wa nyumba ya pili wakatoka uchi wakiimba. Sisi tulikimbilia kwa Mama. Alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Mvua ilinyesha muda wa kuchemsha chai tu, ikakatika, na kesho yake jua likawaka kama halijatokea kitu. Mama akamtuma Zainabu akafukue shimo moja kwa siri. Zainabu akarudi na punje kiganjani, kavu, ngumu, haijaguswa na maji. Mama aliichukua akaitia mdomoni, akaing'ata, akasikia inavyogoma. Alikaa chini akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Tangu Baba azikwe hatukuwa tumemwona akicheka.

Halafu mvua ya kweli ikaja. Ilitokea upande wa Mbagala, nyeusi, na haikunyesha siku moja ikaishia. Ilinyesha mfululizo, maji yakajaa bondeni Mzinga, njia ikawa haipitiki, na aliyekuwa Mbagala akabaki Mbagala. Hatukutoka kuoga chini ya mchirizi. Tulikaa dirishani na Mama, vichwa vitatu, tunatazama ardhi. Asubuhi moja, mvua ikiwa imepungua, Zainabu akasema, "Mama, pale." Kulikuwa na kitu chembamba, cha kijani, kimejikunja ncha. Kisha tukaona cha pili, na tukishaona viwili macho yakazoea, tukaona mstari mzima, na mstari wa pili, mpaka chini kabisa kwenye udongo mweusi. Niliruka nikagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Hadija alitoka mlango wa nyuma na ufagio mkononi, akalitazama shamba kwa muda mrefu, akatugeukia, akatutazama miguu. Kisha akaenda kufagia uwanja. Nilidhani labda yuko upande wetu.

Baba mdogo alikuja maji yalipopungua, na wale vijana wake wawili, na kikapu cha mbegu. Tulimwona akiingia kwa kasi, suruali amekunja, halafu akasimama. Alitembea mstari mmoja mpaka mwisho, akarudi. "Nani kapanda hapa?" aliuliza, na Hadija akajibu kutoka mlangoni, "Hawa watoto. Mama yao kawatuma." Zainabu alisogea mbele, akamwamkia kama alivyofundishwa, "Shikamoo baba mdogo." Hakuitikia. Nilijua itakuwaje, maana mambo yanajulikana: angekasirika, angesema maneno, angeondoka. Mahindi yalikuwa yameshachomoza. Tulikuwa tumeshinda.

Aliinama akang'oa mche wa kwanza. Akaukung'uta udongo, akautupa. Akang'oa wa pili. Kisha akawaambia wale vijana, "Fanyeni kazi, mnatazama nini?" Wao walisita, mmoja alisema, "Bosi, hii imeshaota hii," na akafokewa. Wakaanza. Ile miche ilitoka kirahisi sana, ardhi ilikuwa imelowa, ilikuwa inatoka na mzizi wake mrefu mweupe kwa sababu tuliipanda chini. Majirani walitoka. Walisimama kwenye mipaka yao, wale walewale wa msibani, wa harusini, wa kisimani, na nilikuwa namtazama mmoja baada ya mwingine nikingoja nani atasema mwiko. Mzee mmoja alikohoa. Mama mmoja akasema, "Mambo ya familia hayo," akaingia ndani. Na baba mdogo Shaibu hakuanguka. Aling'oa mpaka katikati ya shamba, jasho linamtoka, mzima wa afya.

Hapo Mama alitoka. Sikumwona akipita mlangoni. Nilimwona tayari yuko uwanjani, miguu peku, na zile shuka nyeupe zinaburuza kwenye tope. Hakukimbia. Aliingia shambani, akapita katikati ya wale vijana ambao waligeuza nyuso haraka, akafika kwenye mstari uliokuwa haujang'olewa, akakaa chini. Alikaa kitako, juu ya udongo mbichi, mikono ameizungushia miche aliyoweza kuifikia. Baba mdogo akarudi nyuma na kujifunika uso kwa kofia, maana alijua kumtazama mjane wa eda ni haramu. Kung'oa hakukumtia haya, kutazama ndiko kulikomtia. Na Hadija, palepale mlangoni, alipiga kelele ambayo bado naisikia: "Jamani, eda! Mjane katoka! Mama Zainabu katoka eda, njooni mwone!" Hata yule aliyeingia ndani akatoka tena.

Kuanzia saa ile hakuna aliyezungumza habari ya mahindi. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote. Kikao cha ukoo kilikaa, watu wakatoka Mbagala na wengine wakaja kutoka Lindi, na wakazungumza asubuhi mpaka adhuhuri juu ya mwanamke aliyevunja eda, aliyekanyaga heshima ya marehemu, aliyeonekana na wanaume. Zainabu alijaribu kusema kwamba baba mdogo aling'oa, akaambiwa mtoto hazungumzi. Ikaamuliwa kwamba mwanamke wa namna hiyo hawezi kuachiwa shamba la watoto yatima, na kwamba Shaibu alishike awatunzie. Alilishika. Mama alikusanya miche iliyong'olewa, ile ambayo mizizi yake ilikuwa bado haijakauka, akaipandikiza kuzunguka nyumba, mpaka chini ya dirisha, mpaka mlangoni. Mahindi hayapendi kuhamishwa. Mingi ilikufa, michache ikaishi, ikazaa vigunzi vifupi vyenye punje zilizopangika ovyo. Tulikula vichache, vingine Mama akavitundika jikoni. Mwaka uliofuata baba mdogo alipanda mahindi yake mpaka karibu na ukuta wetu, na miaka michache baadaye tulihamia Tabata kwa dada yake Mama, na Kongowe ikawa ya Shaibu yote. Kisimani na sokoni Mama alibaki kuwa yule aliyetoka eda. Shaibu hakuitwa yule aliyeng'oa. Aliitwa hajji aliporudi hija.

Leo mimi ni karani, Zainabu ni mwalimu Mtwara, na Mama anakaa na mimi hapahapa Tabata, kwenye nyumba ambayo uwanja wake wote ni saruji. Vuli ikikaribia anapanga ndoo za rangi ukutani, anazijaza udongo, na sisimizi wakipanda na mayai yao anamwita mwanangu mdogo aje atumbukize punje. Mbegu ni ileile. Ameirudia mwaka baada ya mwaka, kwenye ndoo, kwa jirani, popote alipopata udongo. Anacheka wakati anapanda. Mimi huwa nakaa ndani.

Mwaka huu, kipupwe, Shaibu alikufa. Nilikwenda kuzika kwa sababu Mama alinilazimisha. Pale palipokuwa shamba pana nyumba ya tofali na safu ya fremu za maduka zinazotazama barabara, na kilichobaki ni kile kipande cha chini, cha udongo mweusi, ambako Hadija amekuwa akilima mchicha. Siku hizi Kongowe hapandi mtu mahindi ili kushika ardhi. Unaleta lori, unamwaga mchanga na tofali, na mchanga ukishamwagwa mahali umeshika. Mwezi uliopita, nyenje wakiwa wameanza, Hadija alimpigia Mama simu. Watoto wa mke mkubwa wa Shaibu, aliyekufa zamani, walikuwa wamekuja na lori. Wamebadilisha makufuli ya fremu, na sasa wanamwaga mchanga juu ya mchicha wake, na yeye yuko eda, hawezi kutoka. Nilisikia yote, simu ilikuwa kwenye spika.

"Mwache," nilimwambia Mama. "Mwache aonje. Kilio alichokupigia wewe akipige tena, tuone nani atakuja." Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikuwa anavaa viatu. "Unanipeleka au nichukue bodaboda?" aliniuliza. Nilimpeleka.

Tulipofika lori lilikuwa limeshamwaga tripu ya kwanza na vijana wenye machepeo walikuwa wanasawazisha. Hadija alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, anatazama. Nilidhani Mama ataingia ndani akae naye, wafarijiane, ndivyo ilivyo desturi. Hakuingia. Alikwenda chini ya dirisha, mahali palepale alipokuwa anasimama Shaibu.

"Hadija," alisema. "Toka nje."

"Dada, eda."

"Eda naijua. Kwenye shida kama hii unaruhusiwa, nimeshauliza. Toka ukasimame kwenye kitu chako."

Pazia likatikisika. "Watanisema, dada."

"Watakusema," Mama akajibu. "Mimi wananisema mpaka leo, na wa kwanza ulikuwa wewe. Toka."

Machepeo yaliendelea kukwangua mchanga. Halafu mlango ukafunguka na Hadija akatoka, mzee sasa, mdogo mdogo vilevile, miguu peku, shuka nyeupe zinaburuza, na majirani walikuwa wameshaanza kujitokeza kwenye mageti yao. Mama alimpisha atangulie, akamfuata mpaka kwenye ule mchanga, wakasimama juu yake. Mimi nilikuwa bado nimeushika mlango wa gari, naisikia sauti ya Hadija ya miaka ile ikiwaita watu waje waone. Sikumsamehe. Nilifunga gari, nikavua viatu, nikaenda kusimama upande wake wa pili.